Dawa na Msuli wa Kibofu: Mfamasia Awajibu Wasomaji wa Tanga

Toleo lililopita la safu hii lilihusu dawa za presha, na humo nilitaja kwa kupitia tu kwamba zipo dawa zinazobadili mwenendo wa haja ndogo bila mgonjwa kutambua kuwa chanzo ni dawa. Maneno hayo machache yameleta barua nyingi kuliko habari yote ya presha, na nyingi zimetoka Tanga mjini na Pangani. Nimechagua tano ambazo majibu yake yanashikana. Majina ya waandishi nimeyaacha, kwa kuwa jambo lenyewe ni la faragha, na barua ndefu nimezifupisha bila kubadili maana yake.

Swali. Assalamu alaykum. Mimi ni mzee wa miaka 68, mkazi wa Makorora. Nilishikwa na mafua makali, kijana wangu akaniletea vidonge vya mafua kutoka duka la dawa. Nilimeza jioni, nikameza tena kabla ya kulala. Usiku nikabanwa na mkojo lakini haukutoka hata tone, na maumivu yakawa hayasemeki, hadi alfajiri nikapelekwa hospitali nikawekewa mpira. Nikaambiwa tezi dume imekua. Ninachouliza ni hiki: tezi inakua kwa usiku mmoja, au ni vile vidonge?

Jibu. Wa alaykum salaam. Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa usiku ule. Tezi haikui kwa usiku mmoja. Ilikuwa imekua taratibu kwa miaka, na kibofu chako kilikuwa kimejifunza kuishi nayo kwa kusukuma kwa nguvu zaidi kila ulipokwenda msalani. Vidonge vile viliondoa nguvu hiyo ya ziada na papo hapo vikabana njia ya kutokea, kwa hiyo tezi na vidonge vimeshirikiana, na hakuna kimoja kati yao ambacho peke yake kingekufikisha pale ulipofika.

Kibofu kina kazi mbili zinazopingana, nazo ni kutunza mkojo na kuutoa. Ukuta wake ni wa msuli laini, yaani msuli usiofuata amri ya hiari kama ule wa mkono. Wakati wa kutunza, neva zinazotoka sehemu ya kati na ya chini ya mgongo humwaga kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo hulegeza ukuta wa kibofu kupitia vipokezi (yaani sehemu za seli zinazopokea amri ya kemikali) vya beta 3, na hapo hapo hukaza shingo ya kibofu na msuli laini ulio ndani ya tezi dume kupitia vipokezi vya alfa 1. Wakati wa kutoa, neva zinazotoka chini kabisa, kwenye mfupa wa nyonga, humwaga kemikali nyingine, asetilikolini, na hiyo ndiyo inayoufanya ukuta ujikaze na kusukuma mkojo nje. Mtu mzima mwenye afya huanza kuhisi kibofu kinajaa kikiwa na kama mililita 150 hadi 200, na huweza kutunza kama mililita 400 hadi 500 kabla haja haijawa ya lazima.

Sasa tazama kilichomo katika vidonge vingi vya mafua. Kwanza kuna dawa ya mzio ya kizazi cha zamani, mara nyingi klorofeniramini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton. Kazi yake ni kukausha kamasi na kuzuia chafya, lakini pia huziba vipokezi vya asetilikolini, na ukuta wa kibofu hukosa amri ya kujikaza. Pili kuna dawa ya kuzibua pua, pseudoefedrini au fenilefrini. Hiyo huifungua pua kwa kukaza mishipa midogo ya damu kupitia vipokezi vya alfa 1, na vipokezi vya aina hiyo hiyo ndivyo vilivyojaa kwenye shingo ya kibofu na ndani ya tezi. Kijana wa miaka 25 akimeza vidonge hivyo huenda asione lolote zaidi ya usingizi na kinywa kukauka, kwa sababu njia yake ni pana na kibofu chake kina akiba ya nguvu. Wewe akiba hiyo ulikuwa umeshaitumia.

Kuanzia sasa, kabla hujanunua dawa yoyote ya mafua, kikohozi, mzio au kichefuchefu, sema kwanza pale dukani kwamba una tezi dume na kwamba umewahi kuzibwa mkojo. Kwa mafua, parasetamoli ya kutuliza homa na maji ya chumvi ya kusafishia pua vinatosha. Ukihitaji dawa ya mzio, setirizini na loratadini hazina madhara makubwa ya aina hiyo kwenye kibofu. Jihadhari pia na prometazini, na Buscopan ya msokoto wa tumbo, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva au huzuni, na bensekzoli wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa akili na wa kutetemeka. Zote hizo hupita njia ile ile ya kuzuia asetilikolini.

Umeandika kwamba uliporuhusiwa ulipewa tamsulosini. Hiyo huzuia vipokezi vya alfa 1, kwa hiyo shingo ya kibofu na msuli wa ndani ya tezi hulegea, na nafuu huonekana ndani ya siku au wiki chache ingawa tezi yenyewe haipungui hata kidogo. Ya kupunguza tezi ni finasteridi, nayo huhitaji miezi, mara nyingi kama 6, kabla mgonjwa hajaona tofauti. Tamsulosini imezwe baada ya mlo, na unapoamka kwa ajili ya sala ya alfajiri keti kwanza kitandani kidogo kabla hujasimama, maana inaweza kuleta kizunguzungu. Jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho lazima umjulishe daktari wa macho kuwa unaitumia au umewahi kuitumia, kwa sababu dawa hii hulegeza pia msuli wa mboni na kufanya upasuaji kuwa mgumu.

Swali. Mimi ni mwanafunzi wa famasia, mwaka wa pili, niko likizo nyumbani Chumbageni. Katika maabara tulining'iniza kipande cha kibofu cha panya, tukakichochea kwa umeme, kikajikaza. Tukaweka atropini, dawa inayoziba vipokezi vya asetilikolini, tukitarajia kitulie kabisa, lakini kiliendelea kujikaza, kama nusu ya nguvu ya mwanzo. Tulidhani dawa imeharibika. Mkufunzi alisema ni kawaida ya panya, kisha muda ukaisha. Kwa nini? Na kama atropini haimalizi kazi, mbona dawa za jamii yake ndizo wanazopewa binadamu?

Jibu. Swali hili ndilo lililonifanya nitenge safu nzima kwa kibofu, na nitalijibu kwa kirefu hata kama wasomaji wengine watataka kuruka aya mbili tatu.

Kwa faida ya ambaye hajawahi kuingia maabara hiyo, nieleze kinachofanyika. Kibofu cha mnyama hukatwa ukanda mwembamba, upana wa milimita 2 au 3 na urefu wa kama sentimita moja. Ncha moja hufungwa kwa uzi chini ya chombo kidogo cha kioo, ncha ya pili hufungwa kwa uzi kwenye kifaa cha kupimia nguvu, na chombo hujazwa maji yenye chumvichumvi na sukari kwa kiasi kinachofanana na kilichomo katika majimaji ya mwili, kwa joto la nyuzi 37. Humo hupulizwa hewa yenye oksijeni asilimia 95 na kabonidayoksaidi asilimia 5, viputo vikipanda pembeni ya ukanda muda wote. Ukanda huvutwa kidogo, kisha huachwa kama saa nzima utulie. Hata ukiwa umeachwa hivyo bila dawa yoyote, kalamu ya kifaa, au mstari kwenye kompyuta, huonyesha vilima vidogo vidogo, kwa sababu msuli wa kibofu una tabia ya kujikazakaza wenyewe.

Kuna njia mbili za kuufanya ujikaze kwa nguvu. Ya kwanza ni kuweka dawa inayogusa msuli moja kwa moja. Asetilikolini yenyewe haifai sana, kwa kuwa vimeng'enya vilivyomo kwenye ukanda huivunja upesi, kwa hiyo hutumika karbakoli, ambayo huiga asetilikolini lakini haivunjwi. Ukiongeza karbakoli hatua kwa hatua, nguvu hupanda taratibu, kisha kwa kasi, kisha hufika kikomo, na mchoro wake huwa na umbo la herufi S iliyolazwa. Ukitanguliza atropini, mchoro mzima huhamia kulia lakini kikomo kinabaki pale pale. Hapo atropini na karbakoli wanagombea viti vya daladala moja: atropini akikaa kwenye kiti hafanyi lolote, ila anamzuia mwenzake asikae, na ukileta karbakoli wengi vya kutosha wataishia kupata viti na gari litaondoka kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Ndiyo maana tunasema uzuiaji huo ni wa ushindani.

Njia ya pili ndiyo mliyotumia ninyi, yaani umeme. Mipigo mifupi ya umeme haiuchochei msuli moja kwa moja, bali huamsha ncha za neva zilizobaki ndani ya ukanda, nazo ndizo zinazomwaga kemikali zao juu ya msuli. Kuhakikisha hilo, maabara nyingi huweka tetrodotoksini, ambayo ni sumu ya bunju, samaki yule ambaye wavuvi humtupa na kuwaonya watoto wasimguse. Sumu hiyo huzima neva kwa kufunga njia za sodiamu, lakini msuli wa kibofu wenyewe hauzitegemei njia hizo. Ukanda ukitulia baada ya tetrodotoksini, mna hakika kuwa mlichokuwa mkikipima ni kazi ya neva. Ukiendelea kujikaza, basi umeme wenu ulikuwa unaugusa msuli wenyewe na inabidi mpunguze urefu wa mipigo. Kama hamkufanya hatua hiyo, ninashauri muiombe mtakaporudi, kwa maana bila hiyo mabaki mliyoyaona baada ya atropini yana maelezo mawili yanayowezekana badala ya moja.

Tukichukulia kwamba hatua hiyo ingethibitisha ni neva, jibu la fumbo lenu ni kwamba neva za kibofu cha panya humwaga wajumbe wawili kwa pamoja. Mmoja ni asetilikolini, wa pili ni ATP, ile ile tunayofundishwa kuwa ni sarafu ya nishati ndani ya seli. Mwaka 1972 Geoffrey Burnstock alipendekeza kwamba zipo neva zinazotumia ATP kama mjumbe, na wataalamu wengi walimkebehi kwa miaka, kwa hoja kwamba mwili hauwezi kupoteza kitu chenye thamani hivyo kwa kukimwaga nje ya seli. Leo jambo hilo halibishaniwi. Kwenye msuli wa kibofu ATP hushika vipokezi viitwavyo P2X1, ambavyo ni milango inayofunguka mara moja na kuingiza kalsiamu na sodiamu, kwa hiyo mchango wake huwa wa haraka na mfupi, wakati ule wa asetilikolini huanza kwa kuchelewa kidogo na kudumu zaidi. Angalieni tena michoro yenu mkiipata. Kilichobaki baada ya atropini kinapaswa kuwa kilele kilichochongoka kisichoweza kushikilia, na majibu ya mipigo ya umeme ya masafa ya chini ndiyo yatakayokuwa yamepungua kwa kiasi kidogo kuliko ya masafa ya juu. Mkizima na vipokezi vya P2X1, karibu kila kitu kitaondoka.

Sasa binadamu. Kibofu cha mtu mwenye afya kinatofautiana na cha panya na cha simbilisi katika jambo hili hili, kwa maana atropini huondoa karibu nguvu yote inayoletwa na neva. Ndiyo sababu dawa za jamii ya atropini zina maana kwetu. Lakini kibofu kilichougua kwa muda mrefu, hasa kile kilichokuwa kikisukuma dhidi ya tezi iliyokua, huanza kuonyesha sehemu isiyozuilika kwa atropini, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi ya wagonjwa kutopata nafuu ya kutosha kwa vidonge. Wagonjwa wa namna hiyo wakati mwingine hudungwa sumu ya botulinamu ndani ya ukuta wa kibofu, kwa kawaida yuniti 100, na moja ya sababu za kufaa kwake ni kwamba huzuia ncha ya neva isimwage chochote, iwe asetilikolini au ATP.

Mwenzako aliyeandika pembeni ya barua yako anauliza kuhusu kalsiamu. Njia zote hizi huishia kwenye kalsiamu. Kipokezi cha M3, ambacho ndicho hasa kinachopokea amri ya asetilikolini ya kukaza ingawa vile vya M2 ni vingi zaidi kwa idadi, huamsha mfululizo wa kemikali unaotoa kalsiamu kwenye ghala za ndani ya seli na kuruhusu nyingine iingie kutoka nje. Kalsiamu hushikana na protini iitwayo kalmodulini, na hapo kimeng'enya huwashwa ambacho huipa mayosini ruhusa ya kuvuta aktini, nazo ni protini mbili zinazoufanya msuli ujikaze. Noradrenalini kwenye kipokezi cha beta 3 hufanya kinyume chake kwa kuongeza AMP ya mviringo, mjumbe wa ndani ya seli anayelegeza msuli, na M2 huchangia kwa kuizuia AMP hiyo isiongezeke. Mkiweka nifedipini, dawa ya presha inayofunga milango ya kalsiamu, ukanda hulegea vizuri sana, na hapo mwanafunzi hudhani amegundua dawa mpya ya kibofu. Kwa mgonjwa, mishipa ya damu hulegea kabla kibofu hakijafikiwa, na mtu ataanguka kwa presha kushuka huku bado anabanwa na mkojo.

Hilo linanipeleka kwenye tahadhari ambayo kwa maoni yangu haisisitizwi vya kutosha madarasani. Ukanda uliomo kwenye kioo hauna ubongo, hauna damu inayopita, na mara nyingi umebanduliwa utando wa ndani ambao katika mtu aliye hai huhisi kujaa na kupeleka habari. Dawa zinazozuia asetilikolini, kwa dozi za kawaida, hazipunguzi sana nguvu ya kusukuma wakati wa kukojoa, ila hupunguza ile haja ya ghafla wakati kibofu bado kinajaa, na inaonekana sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye mfumo wa kuhisi. Grafu zenu haziwezi kuonyesha hayo.

Swali. Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 54 wa Pangani. Nilikuwa nakwenda haja ndogo mara 14 kwa siku, na nikisikia tu maji ya bomba yanamwagika inanibidi nikimbie. Nimepewa oksibutinini, haja imepungua, lakini kinywa kimekauka hadi chakula hakimezeki, choo kimekuwa kigumu, na nikisoma herufi zina ukungu. Dawa ya kibofu inafuata nini mdomoni na machoni? Pia jirani yangu mkojo unamtoka kidogo kidogo bila kujijua, ananiomba nimgawie vidonge. Nimpe?

Jibu. Marahaba mama, ingawa kwa umri wako huenda ni mimi niliyepaswa kutangulia. Nianze na jirani kwa sababu lake haliwezi kusubiri: usimpe. Mkojo unaovuja bila mtu kujijua unaweza kuwa ni wa kibofu kilichojaa kupita kiasi kisichoweza kujikaza, kinachomwaga ziada tu, na jambo hilo huwapata hasa wenye kisukari cha muda mrefu walioharibika neva. Kumpa mtu huyo dawa ya kuzuia kujikaza ni kukifunga kabisa kibofu ambacho tayari kimeshindwa, na mkojo unaorudi nyuma huharibu figo. Anahitaji kupimwa sukari, na kupimwa kwa ultrasaundi mkojo unaobaki baada ya kwenda msalani. Kipimo hicho ni cha dakika chache, hakiumi.

Kuhusu wewe, dawa uliyomeza haina namna ya kujua kuwa imetumwa kwenye kibofu. Inasambaa na damu, na kila inapokuta kipokezi cha asetilikolini cha aina inayoiweza inakaa. Vipokezi vya M3 vipo kwenye tezi za mate, kwenye utumbo, na kwenye msuli wa jicho unaotusaidia kusoma karibu, na ndiyo sababu madhara yako matatu yanafanana na orodha ya mahali vilipo. La nne hukulitaja, nalo kwa mwambao wetu ni zito zaidi, ni jasho. Tezi za jasho nazo huamriwa na asetilikolini, na mtu anayetumia dawa hizi anaweza kushindwa kutoa jasho la kutosha akapandwa na joto la mwili. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na hewa nzito, kaa kivulini mchana na unywe maji, na ukisikia ngozi kavu yenye moto pamoja na kichwa kuzunguka usisubiri. Ukiona maumivu makali ya jicho lenye wekundu, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwa watu wenye aina fulani ya presha ya macho dawa hizi zinaweza kuleta hatari ya upofu.

Rudi kwa aliyekuandikia dawa, umweleze kama ulivyonieleza. Anaweza kupunguza dozi, au kukubadilishia solifenasini, ambayo kinywa hukauka kwa kiasi kidogo zaidi kwa wagonjwa wengi. Ipo pia mirabegroni, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2011, ambayo haigusi asetilikolini kabisa bali huchochea vile vipokezi vya beta 3 vinavyolegeza ukuta wa kibofu wakati wa kujaa. Haikaushi kinywa kwa kiasi hicho, lakini inaweza kupandisha presha, na mwenye presha kali isiyodhibitiwa haruhusiwi kuitumia. Bei yake pia si ya kila mtu, na sioni sababu ya kumkimbilia mgonjwa na dawa ya gharama kabla ya kujaribu mazoezi ya kibofu, yaani kuahirisha haja kwa dakika chache, kisha kuongeza dakika taratibu kwa muda wa wiki 6 au zaidi, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga.

Mama, barua yako haisemi kama mkojo wako ulipimwa kabla ya kuanza dawa. Kama haukupimwa, naomba upimwe sasa. UTI huleta haja ya mara kwa mara, na sukari pia, na kwa mtu aliyekulia kando ya mito na madimbwi ya mkoa wetu kuna kichocho cha mkojo, ambacho mayai ya minyoo yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza kwa miaka. Dawa yake ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kumpa mgonjwa wa kichocho dawa ya kutuliza kibofu ni kuuficha ugonjwa huku unaendelea kula. Damu kwenye mkojo, hata ikionekana mara moja tu na isiambatane na maumivu, haitulizwi kwa oksibutinini wala kwa kitu kingine chochote kabla chanzo hakijajulikana.

Swali. Sisi ni wazee wa baraza moja Ngamiani. Kuna ubishi kuhusu kahawa chungu. Mmoja wetu amesema kahawa inakaza kibofu, mwingine anasema inaleta mkojo tu. Tuamulie.

Jibu. Shikamooni wazee wangu. Wa pili ana haki zaidi, ila wa kwanza hakosi kitu. Ukiweka kafeini nyingi sana kwenye ukanda wa kibofu uliomo kwenye kioo, kalsiamu hutoka kwenye ghala zake na msuli hujibu, lakini kiwango hicho ni kikubwa mno kuliko kinachofika kwenye damu ya mnywaji hata akimaliza birika. Kwa mnywaji wa kawaida kafeini huongeza mkojo kwa kiasi fulani, na kwa mwenye kibofu kilichokwisha kuwa na haraka huifanya haja ije mapema na kwa ghafla. Vikombe viwili vya asubuhi na kashata si tatizo kwa mwenye afya. Aliyeanza kuamka mara tatu usiku aache vile vya baada ya magharibi kwa wiki mbili kisha aone mwenyewe.

Swali. Nilijifungua kwa upasuaji kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Mpira wa mkojo ulipotolewa sikuweza kukojoa hadi usiku, wakanirudishia mpira. Sasa nimepona, lakini naogopa uzazi ujao. Je, neva zangu ziliharibika?

Jibu. Hongera dada kwa uzazi, na hapana, kwa maelezo uliyotoa hakuna dalili ya neva kuharibika. Ganzi ya mgongoni huzima pia zile neva za chini zinazotoa amri ya kujikaza, na kazi ya kibofu huchelewa kurudi kuliko miguu, kwa hiyo mtu anaweza kutembea wodini huku kibofu bado kimelala. Juu ya hapo, dawa kali za maumivu kama mofini, pethidini na tramadoli hupunguza amri hiyo kutoka ndani ya uti wa mgongo na hufifisha hisia ya kujaa, ndiyo maana huenda hukusikia kubanwa wakati kibofu kilikuwa kimeshajaa. Kibofu kilichovutwa mno huchukua muda kurudisha nguvu zake, na mpira uliorudishiwa ulikuwa wa kukipa mapumziko hayo. Zipo dawa za kuchochea kujikaza, kama bethanekoli, lakini matokeo yake kwa wagonjwa yamekuwa hafifu, na ninaona waliokuhudumia walifanya vyema kukupumzisha badala ya kukuongezea kidonge. Uzazi ujao waeleze wauguzi na mtaalamu wa ganzi mapema yaliyokupata, na baada ya mpira kutolewa, ukifika muda wa saa 6 bila kukojoa, sema, hata kama husikii kubanwa.